Muti Uliokufa

Benchi letu ni ubao mmoja juu ya mawe mawili ya volkano, kando ya barabara ya Rutshuru, hapa Goma, mbele ya mbabula, jiko la makaa la mama Katungu, mpika kahawa. Wenyewe ni watatu: Maître, yaani wakili, aliyefagia tribunal, mahakama, miaka kumi akatoka na sheria yote kichwani, Volcan, mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na mimi seremala, ninayeandika vizuri na kukasirika haraka. Asubuhi ile alikuja mama Mukashyaka, mkimbizi wa kambini, kutoka Kiwanja. Jana walinzi wa parc, msitu wa hifadhi, walimkamata na kuni kwenye barrière, kizuizi chao cha barabarani, wakachukua panga lake. Kesho wanamwita kujieleza. Akishindwa, panga halirudi na porini harudi kutafuta kuni. Alitaka nimwandikie barua. Tangazo la kambini linaruhusu "bois mort" tu, muti uliokufa.

— Andika ulikuwa umekufa, akasema Maître. Majani yakianguka, muti umekufa. Ni sheria.

— Sheria ya wapi? akaruka Volcan. Chukudu yangu ni ya eucalyptus. Kata eucalyptus leo, mwezi ujao iko inachipuka. Ile muti haijuake kufa!

— Basi inatakiwa acte de décès, hati ya kifo. Daktari wa miti apime, commune ipige cachet, muhuri kabisa.

— Na matanga siku ngapi?

— Tatu. Miti ya jirani itoe ushahidi. Na weye Volcan, unabeba viazi juu ya maiti!

— Usitukane chukudu yangu, we mufagiaji!

Mama Katungu akacheka mpaka akamwaga kahawa. Mimi nikapandwa na hasira.

— Munyamaze! Mama Mukashyaka, niambie tu. Muti ulikuwa umekufa?

— Ulikuwa muzima. Niliukata.

Maître akashika kichwa.

— Mama, neno moja tu, "umekufa", na panga linarudi!

— Muzee, mimi ni mulimaji. Siwezi kukosa kujua muti muzima. Walitupatia maharage, na maharage haiivi na jua. Andika niliukata. Lakini ninyi wenye sheria, munijibu. Kwetu nilipanda miti mia tatu, na mikono hii. Wenye bunduki walikuja, wakaikata yote mizima, wakaota moto. Ile ilipita kwa barrière gani?

Maître akanywa kikombe kilichokuwa kitupu tangu zamani. Volcan akainama kutazama gurudumu lake, kana kwamba lina kasoro. Mbabula ilikuwa imezimika.

Nikaandika: "Muti ulikuwa muzima. Niliukata mimi, Mukashyaka, mukimbizi." Nikamsomea.

— Hapo mwisho, akasema. Mukimbizi ni safari, si kazi yangu. Toa.

— Niweke nini?

— Mupandaji wa miti.

Nikafuta, nikaandika. Akachukua bic, kalamu yangu, akatia sahihi polepole, jina zima, herufi zimesimama wima. Maître, ambaye hajawahi kuacha barua yangu ipite bila kuisahihisha, akaisoma mara mbili, akamrudishia mama kwa mikono miwili.