Shati Jeupe la Anselmo: Maisha ya Eduvigis Sanhueza Riffo (1931–2012)

Haya yanayosomwa hapa wengi hamtayaamini, kwa sababu msomaji ni shemeji yake, Celedonio, na mtaa mzima wa Lo Hermida unajua kuwa Celedonio hutia chumvi hata kwenye chai. Leo ameapa kupunguza.

Marehemu Eduvigis alizaliwa tarehe 17 Oktoba 1931 huko Lota, mtoto wa nne wa mchimba makaa ya mawe. Alisoma hadi darasa la tano, akaacha ili alee wadogo zake. Hata hivyo hesabu alizijua kuliko shemeji yake, jambo ambalo shemeji anakubali leo tu, kwa heshima ya msiba. Kushona alifundishwa na mama yake. Alipohamia mji mkuu, Santiago, akawa fundi wa sare za shule.

Tarehe 9 Februari 1952 alifunga ndoa na Fidencio Aguayo, mwoka mikate, kaka mkubwa wa Celedonio. Sura nzuri alikuwa amewekewa mdogo, lakini Eduvigis alisema anataka mume, si kioo. Walijaliwa Anselmo na Rosalba. Fidencio alitangulia mwaka 1970.

Asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1974 wanajeshi, waliokuwa wametwaa serikali mwaka uliotangulia, walimchukua Anselmo mezani, mkate ukiwa mkononi. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Kila ofisi aliyokwenda mama yake aliambiwa hakuna mtu kama huyo, labda amemkimbia mke.

"Hana mke."

"Basi kafuata wa mwenzake, mama. Nenda nyumbani."

Hakwenda nyumbani. Alikwenda chumba cha chini cha kanisa, walikokutana akina mama wenye msiba kama wake, wakishona picha za vitambaa juu ya gunia: milima, jua, nyumba, na yule aliyechukuliwa. Desturi yao ilikuwa kwamba aliyechukuliwa anashonwa kwa nguo zake mwenyewe. Kanisa lilizipeleka picha hizo nje ya nchi, na huko watu wakayaona yaliyokuwa yakikanushwa hapa. Ikaenda suruali ya Anselmo, ikaenda fulana, koti, hata soksi. Kila picha ilimtangaza, na kila picha ilimpunguza. Likabaki shati jeupe. Hilo hakuligusa. Kila Jumamosi alilipiga pasi, maana akirudi atavaa nini?

Mwaka 1977 wanajeshi walikuja kupekua nyumba wakitafuta picha hizo. Celedonio husimulia kuwa kilikuja kikosi kizima na kifaru. Marehemu alikuwa akimkatiza: walikuwa wawili, tena mmoja ana mafua. Picha alikuwa amejifunga kiunoni, chini ya sketi. Wakaliona shati ukutani, wakalishusha.

"La nani hili?"

"La mwanangu."

"Yuko wapi?"

"Mmemchukua ninyi, mnaniuliza mimi?"

Yule wa mafua alilirudisha kwenye msumari, akalinyoosha kola, wakatoka.

Wanajeshi waliachia madaraka mwaka 1990. Anselmo hakurudi, wala mfupa wake. Pasi iliendelea.

Mwezi Machi mwaka huu madaktari walimwambia ana saratani ya mapafu. Akaomba mkasi.

"Mama, usilikate," alisema Rosalba. "Ndilo pekee lililobaki."

"Nikifa litaishia mitumbani, mwanangu. Atalivaa mtu asiyejua."

Akashona picha hii iliyotandikwa juu ya jeneza. Mlango uko wazi, Anselmo anaingia. Nywele zake nyeupe ni za mama yake, kwa kuwa sasa angekuwa na miaka hamsini na tisa.

Alifariki tarehe 21 Juni 2012, nyumbani kwake, mikononi mwa Rosalba. Ameacha binti huyo, wajukuu Maite na Ismael, shemeji mmoja mwongo, na wenzake wawili wa chumba cha chini, Bi Ercilia na Bi Nolfa. Mungu amlaze karibu na mwanawe, popote alipolazwa.

Wasifu huu alisomewa mwenyewe katika juma lake la mwisho. Alikuwa amefumba macho, na shemeji alidhani amelala. Ulikuwa na mstari mmoja zaidi: "Alipolikata shati lile mkono wake haukutetemeka, wala jicho lake halikutoa hata—"

"Nililia, Celedonio," alisema. "Andika nililia."