Ladislaus Rugaba, Mwenyeji wa Buffalo, 1963–2015

Wapendwa waombolezaji, poleni na msiba. Mimi ni Donati, mdogo wake marehemu, nimetoka Bukoba. Sisi watu wa Bukoba tunasemwa kwamba tunapenda kujisifu. Leo mnivumilie, kwa sababu anayesifiwa yupo hapa na hawezi kunikataza.

Ladislaus Rugaba alizaliwa tarehe 14 Septemba 1963 Kamachumu, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Rugaba, aliyetutangulia mwaka 1991, na Mama Rozina, ambaye yu hai hadi leo. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kamachumu, kisha seminari ndogo ya Rubya. Mapadre walitegemea angeendelea na wito. Yeye akaendelea na vitabu. Mwaka 1988 alipata shahada ya historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafundisha sekondari Mwanza miaka kumi.

Agosti 1999 alikuja huku Marekani, mjini Louisville, kusoma shahada ya pili. Nyumbani tulitegemea ataandika juu ya wakoloni, au juu ya kahawa yetu. Wapi! Akatuandikia kwamba anasoma habari za Shropshire, jimbo moja la mashambani huko Uingereza, enzi za wale wafalme waliorithishana jina la Joji, miaka mia mbili na zaidi iliyopita. Nilimpigia simu nikamfokea, "Kaka, Mhaya na Shropshire wapi na wapi?" Akacheka sana. Akasema, "Wao miaka yote wanakuja kusoma makabila yetu. Mimi nasoma la kwao, kuna ubaya gani?" Kabla sijamjibu kadi ya simu ikaisha.

Alichokipenda huko hakikuwa wafalme wala majumba yao. Alipenda karatasi za maskini. Zamani zile maskini aliyehitaji msaada alipelekwa mbele ya mahakimu akaulizwa: ulizaliwa wapi, umemtumikia nani, kwa muda gani? Aliyeajiriwa akatumikia mwaka mzima mahali pamoja alihesabiwa mwenyeji wa hapo. Asiyetimiza alipakiwa kwenye mkokoteni wa farasi, akarudishwa parokia alikotoka. Na waajiri wengine, kwa ujanja wao, waliwaachisha kazi watumishi siku chache kabla mwaka haujatimia. "Siku nne, Donati!" aliniambia siku moja kutoka Columbus, alikohamia mwaka 2002 kusomea udaktari wa falsafa. "Bibi Hana alibakiza siku nne tu!" Bibi Hana huyo alikuwa mjane, mtumishi wa ndani, aliyerudishwa kwa mkokoteni mara tatu kati ya parokia mbili mpaka akafa mwaka 1767. Kaka alimwonea uchungu utadhani ni shangazi yetu. Alipopata udaktari wake mwaka 2007, sura nzima ya tasnifu ilikuwa ya Bibi Hana.

Mwaka huo huo alihamia Buffalo. Alifundisha kwa mkataba chuoni huko Amherst, na kila Jumamosi alikuwa mtaa wa Grant Street akiwasomea wakimbizi barua za shule, za hospitali na za umeme. Hapo alifanya jambo ambalo sijaliona kwa msomi mwingine yeyote. Kila familia iliyotimiza mwaka Buffalo aliiandikia hati kwa mkono wake, kwa mwandiko ule ule wa kale wa Shropshire, ila kwa Kiswahili: "Huyu ametimiza mwaka. Ni mwenyeji wa hapa. Asirudishwe popote." Serikali haikuitambua hati hiyo hata kidogo, naye alilisema hilo wazi. Watu waliitundika ukutani vivyo hivyo.

Mmoja wao alikuwa shemeji yangu Nabintu, Mkongomani kutoka mji wa Walungu, aliyefika hapa na mwanawe Cubaka. Mwaka 2009 Ladislaus alikuwa mkalimani wake katika ofisi ya wakimbizi. Afisa alipomaliza maswali, kaka akaongeza la kwake: ni wapi umewahi kukaa mwaka mzima bila kufukuzwa? Shemeji ameniruhusu nisome jibu lake kama lilivyo: "Huyu mutu iko anatafsiri ao iko ananitongoza?" Mwezi uliofuata alitimiza mwaka, akaletewa hati mlangoni pamoja na keki. Walifunga ndoa tarehe 12 Juni 2010, na mwaka 2011 Mungu akawajalia binti, Kanyana.

Machi mwaka huu madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Alifundisha hadi Mei, kwa ubishi wake. Kuhusu mahali pa kuzikwa, hakuna aliyethubutu kumuuliza, na mimi ni wa kwanza kuona aibu kwa hilo. Alifariki Jumanne tarehe 6 Oktoba 2015, saa tatu asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Sasa niseme ukweli. Mimi nilitumwa kuja kumchukua. Kwetu mtu huzikwa kibanjani, katika migomba ya baba yake, na mtoto wa kwanza ndiyo kabisa. Ukoo ulikuwa na haraka: kabla sijapanda ndege, kaburi lilikuwa limeshachimbwa ubavuni mwa baba. Nilipofika nikamweleza shemeji. Hakubisha. Alisema tu, "Bon, shemeji. Baba na mama yangu niliwaachaka kule Kongo, hata kaburi yabo siwezi kufika. Huyu naye mukimubeba, donc, miye na batoto tutamulilia wapi?"

Siku zote za msiba watu waliingia nyumbani na hati zao mkononi. Mzee Bagula, jirani yao, alinifunulia yake mezani akasema, "Soma, mwana." Nikasoma: asirudishwe popote. Jamani, niliona haya. Mkokoteni ule ule, safari hii mwendeshaji ningekuwa mimi. Nikahesabu miaka: Louisville mitatu, Columbus mitano, Buffalo minane. Kwa sheria ya Shropshire yake, kaka alikuwa mwenyeji wa hapa mara nane.

Nikampigia Mama simu, nikamwomba kaka azikwe huku. Wazee waliokuwa naye walikuja juu. Walisema kaburi likishachimbwa haliachwi tupu, basi lilazwe shina la mgomba mahali pa marehemu, kama ilivyo desturi. Mama akawanyamazisha wote, akaomba siku moja ya kufikiri.

Ladislaus anazikwa leo, Jumamosi tarehe 17 Oktoba, hapa Lackawanna, mwendo mfupi wa gari kutoka kwa mkewe. Ameacha mama, Mama Rozina, mke, Nabintu, watoto wawili, Cubaka na Kanyana, mimi mdogo wake, na ninyi wenyeji wa Buffalo.

Jibu la Mama lilikuja siku ya pili baada ya simu ile, na ameagiza limfikie mwanawe hapa kaburini, mbele yenu:

"Ladislaus mwanangu, nimekubali. Lala huko kwa mkeo. Mgomba wao nimeukataa, mgomba sikuuzaa mimi. Shimo lako nimelifunika kwa mabati. Zamu yangu ikifika, nitalala mimi humo, na baba yako nitamweleza mwenyewe."

Pumzika, kaka. Mungu akupokee kwa amani yake.