Bi Frauke Lorenzen, Mlinzi wa Giza Letu

Tarehe 30 Septemba, Bi Frauke Lorenzen, fundi mkuu wa maabara yetu hapa Kiel, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Muda wote huo amekuwa akilinda giza. Tangu atangaze kuondoka, swali lililotunyima raha ni moja: nani sasa atatuzuia kujidanganya?

Kwa jamaa zake watakaosoma taarifa hii: hadubini yetu haina mahali pa kuchungulia. Ina sindano yenye ncha ya atomu moja, inayosogezwa karibu na kipande cha dhahabu bila kukigusa, ndani ya ombwe, kwenye baridi ya nyuzi 268 chini ya sifuri. Umeme unaporuka pengo hilo, hutoka chembe chache za mwanga, nazo ndizo tunazozipima. Jicho halizioni. Kijitaa cha kompyuta tu kinatosha kuzifunika zote.

Alikuja mwaka 1991 kutoka karakana ya meli, akisema kazi ni ileile, kuziba matundu. Kishikio cha lenzi alichokichonga mwaka 1998, kidogo kuliko kifuniko cha kalamu, kiliongeza mara tatu mwanga tunaoudaka, na hadi leo hakijabadilishwa. Kila kinachowaka alikibandika utepe mweusi. Siku moja aliibandika hata saa ya profesa, ikiwa mkononi mwake. Tulisubiri profesa acheke kwanza.

Sheria yake tunaijua sote: anayeacha kitu kikiwaka huoka keki ya Ijumaa.

Mwaka 2009 nilikuwa naandika tasnifu yangu ya udaktari. Nikapata mwanga mwekundu ambao hakuna aliyewahi kuupima, makala ikawa tayari kutumwa. Bi Frauke akasimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa.

"Hauke, sindano umeirudisha nyuma ukaangalia?"

Nilimjibu kwamba hakuna haja.

"Irudishe basi. Mimi nipo, nanywa kahawa."

Sindano ikarudi, umeme ukakatika, na mwanga ukabaki palepale. Ulikuwa wa waya wa kipima shinikizo, niliosahau kuuzima, ukiwaka ndani ya ombwe kama kaa la moto. Makala niliichana mwenyewe. Miezi saba baadaye nilipata mwanga wa kweli, hafifu sana, na huo ndio ulionipa udaktari. Bila swali lile ningeumbuka mbele ya wenzangu wote. Nampenda kwa hilo, na sioni haya kuliandika.

Jumanne iliyopita Bi Frauke alikuwa likizo. Gesche Matthiessen, anayeipokea mashine, akaona mwanga wa ajabu. Hakumpigia mtu simu. Alirudisha sindano, mwanga ukabaki, akaenda moja kwa moja kwenye kipima shinikizo na kukikuta kinawaka. Kwenye swichi palikuwa na utepe mweusi wenye mwandiko tunaoujua: "Vizuri. Sasa naweza kwenda."

Ijumaa Bi Frauke alileta keki ya plamu, akidai alisahau kuzima, kosa lake la kwanza kwa miaka thelathini na minne. Hakuna aliyemwamini, na keki haikubaki hata punje.

Bi Frauke, asante. Tunakutakia maisha mema na marefu huko Laboe, mapazia wazi na taa zote zikiwaka. Usiwe na wasiwasi nasi. Giza la huku sasa lina wenyewe.

Hauke Brodersen