Yowe Likipigwa, Nani Atoke?

Siku Mayala alipotoka na upinde kuitikia yowe la kuibiwa ng'ombe, hakurudi. Baadaye mama yake, Teodora, alikuwa ndani ya kivuko kutoka Kigongo kwenda Busisi, akiwasikiliza wanaume wawili wakibishana.

"Afande kasema mkutanoni tusiwakimbilie wezi, tuwaite polisi," alisema mwenye kofia. Mwenzake akacheka. "Afande yupi, yule aliyekuja kwa baiskeli ya kuazima? Ng'ombe watafika Geita yeye akipiga pedeli!" "Basi mimi nitabaki ndani." "Baki, ndugu yangu! Walinzi wa sungusungu wakutenge, hata moto jirani akunyime."

Teodora alitaka kuuliza kama amzuie Yeremia, mwanawe aliyebaki. Kabla hajauliza, kivuko kikagusa Busisi, nao wakashuka wakibishana.

Siku hizi yowe likipigwa, Yeremia hutoka.