Mama Pembetatu na Vikuta Vitatu vya Mbao

Dada yetu, ambaye nusu yenu mlimwita Mama Pembetatu na nusu nyingine hamkujua kama alikuwa na jina jingine, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, aliyekuwa seremala. Mama alikuwa mshonaji. Marehemu alikuwa mtoto wa pili kati ya watano. Mimi ninayewasomea haya ni kitinda mimba. Baba alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alijifunza kutembea kwa kufuata ukuta, kona hadi kona, kana kwamba anaukagua.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na kumaliza sekondari ya wasichana mwaka 1977. Huko bwenini, kitanda cha juu na cha chini, ndiko alikompata rafiki yake wa maisha. Walikuwa chanda na pete. Mmoja akiugua, mwenzake hupoteza hamu ya kula, na watu wakawaita Mapacha. Waliingia chuo kikuu pamoja. Dada akasoma hisabati, Pacha wake akasoma historia ya sanaa.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi redio, Pacha akiwa msimamizi wake. Siku hiyo bibi harusi alikataa kuketi mpaka awapange wahudumu. "Wewe simama pale, wewe hapa. Sasa hakuna atakayerudia sahani bila kuonekana." Mjomba wetu alikwenda kaburini akilalamika kwamba harusi ile alilala njaa. Shemeji yeye alisema tu, "Nilidhani nimeoa mwalimu, kumbe nimeoa ulinzi."

Tangu mwaka 1984 alifundisha jiometri chuoni. Somo alilolipenda kuliko yote alitufundisha hata sisi, juu ya meza ya chakula, kwa vifungo vya mama. Chora sakafu ya ukumbi wowote wenye kuta zilizonyooka. Unganisha pembe kwa pembe, bila mistari kukatana, mpaka sakafu yote ikatike kuwa pembetatu. Weka kifungo kwenye kila pembe, rangi tatu tu, ili kila pembetatu iwe nazo zote. Rangi yenye vifungo vichache ndiyo mahali pa walinzi, kwa maana popote atakaposimama mwizi, yumo ndani ya pembetatu fulani, na pembetatu hiyo ina mlinzi wake. Ukumbi wa pembe thelathini hauhitaji walinzi zaidi ya kumi. Kanuni hiyo hakuitunga yeye, na hakuchoka kusema hivyo. Aliipenda tu, kama mtu apendavyo wimbo wa mwingine. Mjukuu alipomuuliza, "Bibi, na mlinzi akisinzia?" alijibu, "Huyo mpe kahawa. Hesabu haiamshi mtu."

Mwaka 2016 Pacha, ambaye sasa alikuwa mkurugenzi wa jumba la sanaa, alimwomba awapangie walinzi wa ukumbi mkuu. Dada aliipenda kazi ile kama mtoto apendavyo nguo mpya. Kwa miaka mitatu hakikupotea hata kijiti cha fremu.

Mwezi Juni 2019 ukumbi ulifungwa kwa wageni ili kuandaa maonyesho, na Pacha akapiga simu. Nilikuwa sebuleni kwa dada, simu ikiwa kwenye spika, nikasikia yote.

"Shoga, nataka kusimamisha vikuta vitatu vya mbao pale katikati."

"Usisimamishe kabla sijachora upya."

"Aa, havifiki hata dari. Hizo nazo ni kuta?"

"Jicho la mlinzi halipandi ngazi, Pacha."

Wakacheka wote wawili. Vikuta vikasimamishwa wiki hiyohiyo, bila mchoro. Tarehe 22 Juni, mchana kweupe, mafundi wakiingia na kutoka, picha moja ilikatwa kwenye fremu yake nyuma ya kikuta cha kati. Walinzi wote walikuwa macho, kila mmoja mahali alipopangwa.

Kamati ya uchunguzi ilipofika, vikuta vilikuwa vimekwisha kung'olewa. Pacha aliulizwa nani aliwapanga walinzi. Akasema, "Tulifuata hesabu ya mtaalamu." Akaulizwa kama kuna kilichobadilishwa ukumbini. Akasema hapana. Walinzi walisema vikuta vilikuwepo, lakini nani humsikiliza anayeshukiwa? Mlinzi wa karibu, mzee tunayemwita Babu Tochi, alifukuzwa kazi kama mshirika wa mwizi. Gazeti likaandika kwamba hesabu ya dada yetu ndiyo iliyomfungulia mwizi mlango.

Alikwenda mbele ya kamati, akawachorea. Wakamwambia, "Mama, mkurugenzi ni rafiki yako wa tangu utoto. Akusingizie ili iweje?" Nadhani hilo ndilo swali pekee maishani lililomshinda. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii alikuwa ameishona mwenyewe, miaka arobaini.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Pacha alikuja wodini mara moja, tarehe 25 Februari 2023. Dada hakumlaumu. Alimwambia, "Sema tu kwamba vikuta vilikuwepo. Babu Tochi naye ana jina." Pacha akamfunika miguu kwa shuka, taratibu sana, akasema, "Pona kwanza, pacha wangu, tutazungumza." Hakupona. Alituaga tarehe 3 Machi 2023, saa tatu asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne, ndugu wanne, na wanafunzi wengi wanaoingia kila ukumbi wakitazama pembe kwanza.

Katika ratiba mliyo nayo mkononi, baada ya wasifu huu zinafuata salamu za rafiki, na lililoandikwa hapo ni jina la Pacha. Familia ilikaa kikao juu ya jina hilo, na shemeji akasema libaki. Pacha, uko safu ya pili. Babu Tochi amekaa nyuma yako. Hatukuombi sifa za marehemu, tunazijua. Tunakuomba sentensi moja, ile aliyokuomba yeye.

Dada yetu na apumzike. Sisi tunakusikiliza.