Fundi Aliyeanza Upya Mara Tatu

Marehemu baba yetu, fundi seremala, alizaliwa tarehe 4 Machi 1957, mtoto wa pili kati ya watano. Alisoma hadi darasa la saba, kisha akajifunza useremala kwa mjomba wake.

Alimwoa mama yetu tarehe 12 Agosti 1981. Kwa miaka kumi na mmoja alimpiga. Jana baba mkubwa aliniita pembeni: "Mwanangu, hayo yafute. Marehemu hasemwi vibaya. Ya ndani yabaki ndani."

Nikamjibu, "Baba mkubwa, mkono wa mama ulivunjwa humo humo ndani, nawe ulikuwa umekaa sebuleni."

Sifuti. Nina hasira, na marehemu mwenyewe aliniagiza: "Ukinipamba, utawadanganya wanaume wa kikundi changu."

Mwaka 1992 mama aliondoka nasi. Baba akajiunga na kikundi cha wanaume waliotaka kuacha kupiga wake zao, kilichoongozwa na muuguzi mstaafu. Pale neno la mwanamume halikutosha. Mke aliulizwa peke yake, mahali salama, kama mumewe amebadilika. Akisema "bado," mume alirudia tangu somo la kwanza. Mama alisema "bado" mara tatu. Alirudi nyumbani mwaka 1997, kwa hiari yake.

Kuanzia 1999 baba alikiongoza kikundi hicho karakanani kwake kila Jumamosi. Siku moja mwanamume alitaka kuondoka: "Mimi si kama hawa. Yangu ni makofi tu!" Kumbe stuli aliyokalia ilikuwa na gundi mbichi, suruali ikanata. Baba akamwambia, "Keti, bwana. Hata stuli haijakuamini." Alikaa mwaka mzima.

Novemba 2021 baba aligundulika kuwa na saratani ya koo. Alifariki tarehe 9 Juni 2023, saa tatu asubuhi, mama akiwa kando yake. Kabla ya hapo baba alikuwa amemuuliza, "Nilibadilika?"

Mama akasema, "Ulibadilika. Mkono bado unauma."

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na wanaume kumi na wanne waliosimama kule nyuma. Ameacha pia kaka yake, aliyesikia yote akanyamaza. Baba mkubwa, Jumamosi saa nne tunaanza karakanani. Njoo.

Baba apumzike kwa amani, ile ambayo mama aliikosa nyumbani kwake miaka kumi na mmoja.