Makapu Matano ya Kanoni Chiwaya

Tarehe 30 Juni 1975 Kanoni Bernadi Chiwaya, Mkuu wa chuo chetu cha theolojia hapa ziwani, anakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Niliombwa niandike kwa furaha. Nimejaribu, imenishinda.

Alikuja mwaka 1943 kufundisha Kigiriki. Wanafunzi walimwogopa kwa mitihani, wakampenda kwa ubishi: aliweza kuacha ugali upoe akigombania neno moja. Lakini kazi ya moyo wake ilikuwa kamusi ya Kimpoto, lugha ya wenyeji wa hapa ziwani. Kila likizo aliwazungukia wazee kwa miguu, kila neno akiliandika kwenye kikaratasi chake. Bibi Ottilia peke yake alimpa majina kumi na manne ya mvua. Vikaratasi alivitunza stoo ndani ya makapu matano ya usipa, dagaa wa ziwa letu, akidai sanduku huita mchwa. Tulimtania kwamba kamusi yake itanuka dagaa.

Novemba iliyopita watu wa milimani walihamishiwa kijiji kipya jirani na chuo. Malori yaliwashusha mvua ikinyesha, kuni zimelowa, watoto wanatetemeka. Stoo ilitakiwa ipokee mahindi yao. Mimi, Evarist, karani wake, ndiye niliyeagiza makapu yote ya zamani yagawiwe wawashie moto. Matano ya Kanoni yalikuwa humohumo. Nilijua yapo, na kwa haraka nilisahau.

Kanoni alishinda na wageni siku ile, akibeba watoto wao, akiota moto ule ule.

Siku ya nne alifungua stoo. Aliniuliza kama watu walipata kula. Nikamwambia walikula. Akafunga mlango, na tangu hapo hajaandika hata mstari mmoja.

Tulimsihi aanze upya. Alijibu kwa upole kwamba Bibi Ottilia tulimzika Kwaresima, na wenzake karibu wote wametangulia. Juzi nilimuuliza mvua ya siku ile inaitwaje kwa Kimpoto. Alifikiri sana, akatikisa kichwa.

Kanoni, ahsante kwa kutulea na kutufundisha. Mimi nisamehe, ukiweza. Mungu akupe uzee wenye afya na amani huko shambani Tingi. Wafanyakazi tumechangishana, tukakununulia zawadi: rimu tatu za karatasi nyeupe. Hatukujua kingine cha kukupa.